Nani anashika kamba ya Mwindo?

Sisi watoto wa parsele moja ya Sange, tulikuwa kumi na mmoja. Jua likishuka nyuma ya milima, na joto ya plaine ya Ruzizi ikipungua kidogo, kila mmoja alikuwa na haraka ya kumaliza kazi yake: huyu anateka maji, yule anafunga mbuzi, mwengine anatwanga sombe. Hakuna aliyetaka kukosa nafasi chini ya mwembe. Pale, usiku, tulikuwa na mchezo wetu. Haukuomba mpira wala feza. Uliomba mtu mmoja mwenye kujua hadisi, na mbegu tano za mahindi makavu.

Aliyetufundisha alikuwa jirani, Mnyanga wa Walikale, ambaye kazi ya sukari ya Kiliba ilimuleta huku kwetu. Sisi tulimwita Koko, hata kama hakuwa wa jamaa yetu. Nyumbani wazee walikuwa wametuambia tayari migani ya sungura na fisi. Tuliipenda, lakini tuliijua mwisho wake. Koko yeye alituletea mutu mwengine: Mwindo.

Wanyanga wanamwita Mwindo Kabutwa-kenda, ni kusema yule aliyezaliwa na kutembea palepale. Baba yake, Shemwindo, alikuwa mwami wa kijiji cha Tubondo. Alikuwa na wake saba, na aliwaambia wote wamuzalie wasichana tu. Mutoto mwanaume akizaliwa, atamuua. Mwindo akazaliwa mwanaume, mkononi ameshika conga, ule usinga wa mwami, na begani kikapo kidogo chenye kamba ndani. Baba akamurushia mkuki, ikashindikana. Akamuzika, akatoka. Akamufunga mu ngoma na kumutupa mu mto, na ile ngoma ikasafiri mpaka kwa shangazi yake Iyangura. Kutoka pale njo hadisi inaanza kuwa ndefu.

Koko hakutuambia yote kwa mara moja. Alifika mahali pabaya, akanyamaza, akatuangalia mmoja mmoja, kisha akauliza: « Sasa Mwindo afanye nini? »

Huo njo ulikuwa mchezo. Kila mmoja wetu alikuwa mutu fulani. Yaya wetu mkubwa alikuwa Mwindo, siku zote, hakukubali kumuachia mwengine. Dada aliyemufuata alikuwa Iyangura. Mmoja alikuwa Nkuba, yaani radi. Wengine walikuwa wajomba wa Mwindo, wale popo waliofua chuma na kumutengenezea viatu vya chuma, suruali ya chuma na kofia ya chuma. Kadogo wetu alikuwa Muisa, mwenye kutawala chini ya udongo, na alijua kukunja uso vizuri sana.

Yaya akisema: « Ninaruka huu mto », Koko alitwaa mbegu tano za mahindi, ambazo upande mmoja zimepakwa makala, akamupatia azitupe chini. Nyeusi tatu ao zaidi, Mwindo anapita. Chini ya tatu, anaanguka, na Koko anatuambia ameangukia wapi. Hakuna aliyejua kesho hadisi itaelekea wapi, hata Koko mwenyewe. Kuna usiku mmoja Mwindo wetu alipoteza viatu vyake vya chuma, na ilituomba wiki nzima kuvirudisha.

Halafu ikaja Oktoba 1996. Vita ilianza huku kwetu, upande wa Uvira, na Sange ikakimbia. Wengine tulipanda milima, wengine tulivuka Ruzizi, wengine tulipita ziwa mpaka Kigoma na kuishi miaka mu kambi ya Nyarugusu. Watoto kumi na mmoja wa mwembe moja wakawa wa inchi tatu. Koko hatukumuona tena.

Tuliorudi tulijaribu kukusanyika kwa namna ingine. Nyumba za video zilikuja, na televizyo, na mpira. Usiku wa tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipinduka barabarani hapa Sange, likawaka, na zaidi ya watu 200 walikufa. Wengi wao walikuwa wamekusanyika kutazama Kombe la Dunia. Watu wote wa Sange wanajua ile makaburi. Mama yetu, tangu siku ile, hakutaka tena kuona watoto wamejikusanya usiku. Kila mmoja alibaki ndani. Kisha simu zikaja, na kila mmoja akabaki ndani ya simu yake.

Sasa, tungesahau kabisa habari ya mbegu tano kama si ndugu yetu mmoja, yule kadogo aliyekuwa Muisa. Kutoka Nyarugusu alipata bahati ya kwenda kuishi Marekani. Siku moja alitutumia sauti ku WhatsApp, anacheka mpaka hatusikie maneno. Alikuwa amepeleka watoto wake ku maktaba ya mji wao, na pale alikuta vijana sita wamekaa kwa meza, wanaongea kwa sauti kubwa. Mmoja alikuwa anaeleza: muko mbele ya pango, ndani kuna moto, munafanya nini? Mwengine alisema: ninaingia. Akatupa kijiwe chenye pande 20, kila upande na namba yake, na wote wakainama kuangalia. « Yaya, » alituambia, « hawa watu wanacheza mchezo wetu! Mahindi tu njo hawana. »

Tukaanza kumuomba aulizie. Haya njo tuliyoyajua. Mchezo wao unaitwa Dungeons & Dragons. Wasemaji wa Kifaransa, mchezo wa namna hiyo wanauita jeu de rôle. Uliuzwa mara ya kwanza mwaka 1974 na Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, ndani ya sanduku ndogo. Sanduku za kwanza zilikuwa 1000 tu. Wale kati yenu ambao watoto wao wanatazama filamu ya mfululizo Stranger Things wameuona: karibu na mwanzo wake kuna watoto wanne wamekaa mu chumba cha chini ya nyumba, wanacheza huo mchezo.

Lakini mchezo unaomba mahali pa kuchezea, sawa vile Mwindo anaomba Tubondo. Kwa hiyo watu walitunga inchi nzima, na karte yake, na miji, na mito, na wafalme, na miungu. Inchi moja inayopendwa sana, kwa Kifaransa wanaiita Royaumes oubliés, falme zilizosahauliwa. Ilitungwa na Mkanada mmoja, Ed Greenwood, ambaye alianza kuiota akiwa mutoto, na alifanya kazi ya maktaba. Ilitoka mu sanduku la kuuzwa mwaka 1987, na karte kubwa za kukunjua.

Watoto waliocheza ndani ya ile inchi miaka ya 1980 leo wana nywele nyeupe. Ndugu yetu amekutana na mmoja wao palepale ku maktaba. Anatunza sanduku lake la zamani sawa vile wengine wanatunza picha ya ndoa. Anajua njia za ile inchi kupita njia za mji wake. Mwaka 2008, wenye mchezo walipotoa chapa mpya na kusogeza hadisi yake mbele karibu miaka 100, wapenzi wengi wa zamani walikasirika sana. Walisema: hii si inchi yetu tena, mumetubomolea. Mzee yule alieleza hayo na macho yake yakawa na maji.

Mwanzoni tulicheka. Mutu mzima analilia inchi ambayo haijakuwako! Halafu mmoja wetu akasema: na sisi? Tubondo iko wapi? Tukanyamaza. Kwa sababu hata sisi, tukifunga macho, tunaona mlango wa Tubondo, tunaona mto wa Iyangura, na tunaona ile mizizi ya kikoka ambayo Mwindo aliingilia. Sisi pia tuna falme zilizosahauliwa. Tofauti ni kwamba wao wana sanduku.

Kumbe hata sisi sanduku liko. Mwaka 1956, mzee mmoja Mnyanga, Candi Rureke, aliimba, akaeleza na kucheza hadisi yote ya Mwindo kwa siku 12. Alikuwa na kayamba mkononi, vijana wanapiga kijiti cha ngoma, watu wanaitikia na kumupa zawadi. Mbelgiji Daniel Biebuyck aliiandika, na Mnyanga Kahombo Mateene alifanya naye kazi juu ya maneno na tafsiri. Kitabu chao kilitoka Marekani mwaka 1969, na maneno ya Kinyanga ndani. Leo wanafunzi wa vyuo vya mbali wanamsoma Mwindo. Kwa hiyo Mwindo hajakufa. Lakini hapa kwetu, uliza mutoto wa miaka kumi Mwindo ni nani. Atakuambia ni mchezaji wa timu gani?

Hatuandike haya juu ya vitabu tu. Tunaandika juu ya yaya wetu, yule aliyekuwa Mwindo siku zote.

Yaya ni mchimbaji. Alianzia Misisi, kule Fizi, kisha akapanda Kamituga. Ni miaka mingi sasa. Anashuka mu shimo na torshi ku kichwa, anarudi juu na gunia ya mawe, wamama twangaise wanayatwanga, na tunangoja simu yake. Ninyi munaosoma ukurasa huu munaijua hiyo kazi kupita sisi, hatuna haja ya kuwafundisha.

Mwaka 2020, mwezi wa Septemba, mvua kubwa ilijaza mashimo pale Kamituga na watu wengi walibaki ndani. Yaya siku ile hakuwa amepata zamu. Lakini sisi hatukujua. Simu yake ilikuwa imezimika. Tulikaa siku mbili na usiku mbili ndani ya parsele ya mama, hakuna anayekula. Dada yetu, yule aliyekuwa Iyangura, alishika simu mkononi bila kuiachilia. Mmoja wetu alimuambia: weka chini, itaita tu. Akajibu: « Siwezi kuiachilia. Ndiyo kamba. »

Tulielewa wote, bila kuelezwa. Na ninyi, kwa kuwa hamukukaa chini ya mwembe yetu, tuwaelezee.

Tubondo ilipochomwa na radi, Shemwindo alimukimbia mutoto wake. Aling'oa mmea wa kikoka na kuingia chini ya udongo. Mwindo akasema atamufuata. Kabla ya kushuka alitoa ile kamba yake, akamupa shangazi upande mmoja, yeye akashika mwengine. Akamuambia: kamba ikitembea, niko muzima. Siku utasikia imelala, haitembei tena, ujue nimekufa. Kisha akashuka. Na Iyangura akabaki juu, ku mlango, na kamba mu mkono.

Tulipokuwa wadogo, hiyo nafasi ya Iyangura hatukuipenda. Kazi yake ilikuwa kukaa na kungoja! Dada yetu alilia ili abadilishiwe. Koko alimuambia kwamba bila yule wa juu, yule wa chini hana mahali pa kurudi. Tulifikiri anamutuliza tu.

Simu iliita siku ya tatu. Yaya alikuwa muzima.

Aliporudi Sange kupumzika, tulimuelezea habari ya Marekani na mbegu. Hakucheka. Alisema kule chini anamfikiria Mwindo mara nyingi. Alipoanza kazi, alisema, kila kitu alikuwa amekwisha kusikia kwa Koko. Mwindo anafika chini anakutana na Kahindo, binti ya Muisa, mwenye vidonda mwili mzima. Mwindo anamuosha vidonda, na kwa ajili ya wema ule Kahindo anamuonya: baba yangu akikupa kiti, usikae, akikupa kinywaji na chakula, kataa. Yaya anasema: siku ya kwanza ku shimo wanakupatia buti, torshi, unga, sigara, vyote kwa deni. Unakaa ku kiti. Unakuja kuamka, mwaka umepita na deni haijaisha. Kuna mchimbaji wa zamani aliyemunong'oneza asichukue, na yaya alimusikiliza kwa sababu alikumbuka Kahindo. Wenzake watatu walichukua.

Tena Muisa anamuambia Mwindo: ukitaka baba yako, panda ndizi leo, zikue leo, uzivune leo. Kazi ya mwaka kwa siku moja. « Huyu Muisa, » anasema yaya, « mimi nimekwisha kufanya kazi kwake. »

Na kuna Sheburungu. Kule chini, Mwindo anacheza naye wiki, mchezo wa kamari wa mbegu nyeusi. Anapoteza. Anaweka tena, anapoteza tena, mpaka mali yake yote imekwisha na anabaki na conga peke yake. Anaiweka conga, na kwa hiyo anarudisha kila kitu. Sisi watoto tulipiga vigelegele pale. Lakini yaya anasema Koko alikuwa anaongeza neno ambalo sisi wengine tulilisahau: Mwindo alikuwa na conga, ninyi hamuna. Usiku wa malipo, ku kambi, kamari inapoanza, yaya anajiuliza conga yake iko wapi. Anaona haiko. Anaenda kulala.

Hatuseme kwamba hadisi inazuia shimo kuanguka. Shimo linahitaji miti ya kutegemeza, pompa ya hewa, na mwenye shimo anayejali watu. Lakini mutu anashuka na kichwa chake pia, na kile ambacho tulimutilia ndani ya kichwa akiwa mutoto kinashuka naye.

Kwa hiyo kiangazi iliyopita, yaya akiwa nyumbani, tuliamua. Tukaketi chini ya mwembe, si ile ya zamani, ile ilikatwa makala, lakini mutoto wake. Tulikuwa wakubwa wanne na watoto tisa. Mama alitoa mkeka na kukaa nyuma yetu, hakusema kitu, na hiyo kwetu ilikuwa ruhusa. Dada alipaka mbegu tano makala. Yaya, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, alikubali kuachia Mwindo. Yeye njo alikuwa Koko.

Watoto wawili wa kwanza walirudi ku simu zao upesi. Hatukuwazuia. Wengine saba walibaki. Saa moja baadaye wale wawili walirudi kuuliza kwa nini watu wanapiga makelele.

Usiku wa tatu tukafika ku kikoka. Binti ya yaya, mwenye miaka minane, hakuwa amesema neno tangu mwanzo. Mwindo wetu mpya, kijana wa kumi na mbili, alisema: ninashuka. Yaya akamupatia mbegu. Na yule mutoto akaweka mkono wake juu ya mbegu, akasema: « Apana. Asishuke. »

Kijana akakasirika: hadisi inasema anashuka! Lakini ku mchezo wetu sheria iko moja: kila mutu anasema mutu wake afanye nini, na mwenye kueleza anapaswa kumusikia. Yaya aliangalia binti yake kwa muda mrefu. Sote tulijua wiki ijayo anarudi Kamituga. Yule mutoto pia alijua.

Akamuuliza: « Wewe ni nani ndani ya hadisi, mama? »

Akajibu hana mutu. Yaya akafungua mzigo wake wa safari, akatoa kamba ya nailoni, ile ya kazi, yenye udongo mwekundu bado. Akamupa ncha moja, na ncha ya pili akamupa yule kijana. « Basi wewe ni Iyangura. Hashuke kama hujashika. Na ukivuta, anapaswa kujibu. »

Mutoto akafikiri. Akavuta. Kijana, hata kama alikuwa amekasirika, akavuta na yeye. Akavuta mara mbili, kijana akajibu mara mbili. Halafu akaondoa mkono wake juu ya mbegu.

Zilianguka nyeusi nne.

Sasa yaya iko Kamituga. Ku mangaribi, mtandao ukiwa muzuri, anaita, na hawaanze na salamu. Binti anaita mara moja na kukata. Baba anaita mara moja na kukata. Mara mbili, mara mbili. Baadaye njo wanaongea, na mara nyingi wanaongea juu ya Mwindo amefika wapi, kwa sababu watoto wanaendelea bila sisi, na wamekwisha kumupeleka mahali ambapo Koko hakufika kamwe.

Wapenzi wa Royaumes oubliés wana karte zao na vitabu vyao, na tunafurahi kwa ajili yao. Sisi tunawaomba ninyi wasomaji kitu kidogo. Munao wazee nyumbani, Wanyanga, Walega, Wabembe, Washi, Wafuliiru, wote. Kila mmoja ana Tubondo yake. Kaeni nao mara moja juma hili, kabla baba hajarudi ku shimo, na kaye moja na kalamu. Mbegu za mahindi, tunafikiri kila nyumba inazo.